Mshahara Uliopandishwa kwa Kura Nisiyoipiga

Mjomba, shikamoo. Nanyi ndugu zangu mliomuunga mkono katika kundi la ukoo, habari za huko.

Nimeusoma ujumbe wote. Mjomba ameandika kwamba huku Missouri, jimbo la Marekani ninaloishi, wafanyakazi waliletewa karatasi ya kura, wakaulizwa kama wanataka mshahara uongezwe, wakajibu ndiyo, na mshahara ukaongezwa. Kisha, kwa kuwa ualimu haujamtoka, akapiga hesabu ya dola 15 kwa saa, mara saa 40, mara wiki 4, akaigeuza kuwa shilingi, akapata karibu milioni 6 kwa mwezi, na mwisho akauliza kwa nini mtu aliyejipigia kura ya milioni 6 anachelewesha fedha za mabati. Mkacheka sana. Nami najibu kwa kirefu mara moja tu, ili hesabu hiyo isirudi tena mezani.

Habari yenyewe si ya uongo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Tarehe 5 Novemba 2024, siku ile ile Wamarekani walipomchagua rais, wapiga kura wa majimbo 41 waliletewa pia mapendekezo zaidi ya 140 ya sheria na katiba za majimbo yao, wayaamue kwa ndiyo au hapana. Hapa Missouri mojawapo lilikuwa Pendekezo A, lililotaka kima cha chini cha mshahara kitoke dola 12.30 kwa saa, kifike 13.75 Januari 2025 na 15 Januari 2026, na pia mwajiri alazimike kumwekea mfanyakazi saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi. Karibu asilimia 58 walisema ndiyo. Utaratibu wenyewe nausifu bila kinyongo, kwa sababu huko kwetu Tanzania tumezoea kungoja Mei Mosi kusikia kiongozi atatangaza nini, wakati huku raia wa kawaida wakikusanya saini za kutosha (kwa sheria ya aina hii ni asilimia 5 ya wapiga kura katika wilaya 6 kati ya 8 za uchaguzi wa bunge la taifa) swali lao huingia kwenye karatasi ya kura bila kumpigia magoti mbunge yeyote. Lakini msiseme "Marekani" kana kwamba ni nchi ya sheria moja. Jimbo la Kansas, ambalo linaanzia ng'ambo ya barabara iitwayo State Line, haliwapi wananchi wake haki hiyo ya kuanzisha sheria kwa saini, na kima chake cha chini ni dola 7.25, kile kile cha serikali kuu ambacho hakijaguswa tangu 2009. Watu wawili wanaofagia maduka yanayotazamana wanaweza kutofautiana mshahara kwa sababu ya barabara hiyo.

Sasa, mimi kura hiyo sikuipiga. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, ile iitwayo kadi ya kijani, nakatwa kodi ya serikali kuu, nakatwa ya jimbo, nakatwa na ile asilimia 1 ambayo jiji la Kansas City (hili la upande wa Missouri) humkata kila anayefanya kazi ndani ya mipaka yake, lakini kura ni ya raia peke yao. Tena karatasi hiyo hiyo iliyopandisha mshahara ilikuwa na swali jingine, Marekebisho ya 7, lililobadilisha katiba ya jimbo ili badala ya kusema kwamba raia wote wanaweza kupiga kura, iseme kwamba ni raia tu wanaoweza. Missouri ilikwisha kuwafungia mlango wasio raia tangu 1924, kwa hiyo sikupokonywa kitu. Mlango uliokuwa umefungwa ulipigwa misumari, basi. Waliokubali walikuwa karibu asilimia 68, yaani wengi kuliko waliotaka mshahara upande. Idaho, Iowa, Kentucky, North Carolina, Oklahoma, South Carolina na Wisconsin nazo zilipitisha maneno ya namna hiyo siku hiyo hiyo, na baadhi ya majimbo hayo ndiyo ambayo Kiswahili cha ndugu zetu Wakongo husikika viwandani na makanisani kila Jumapili. Wapo wanaosema kwamba sisi tulikuwa chambo tu, kwa sababu ndani ya swali hilo la 7 kulipachikwa pia marufuku ya mpiga kura kuwapanga wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili na wa tatu, jambo ambalo wakubwa wa siasa za hapa hawalipendi na ambalo peke yake huenda lisingewasisimua wapiga kura. Naelekea kuwaamini.

Kazi yangu mnaijua, ya kutunza wazee, na habari za kuogesha na kubadilisha nepi sitazirudia. Wiki chache kabla ya uchaguzi bibi mmoja ninayemhudumia aliletewa karatasi yake ya kura kwa posta, akaniomba miwani, akalisoma swali la 7 kwa sauti, pole pole, kisha akaniuliza kama mimi nimekwisha kupiga yangu. Nikamjibu kwamba mimi si raia. Akasema pole, akaendelea kujaza, huku ameikinga karatasi kwa kiganja. Hakunikosea hata kidogo. Kura ni siri, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu mno.

Mshahara wenyewe haukunigusa kama Mjomba anavyodhani, kwa sababu nilikuwa nikilipwa juu kidogo ya kima hicho, na aliye juu kidogo hatajwi na sheria. Kilichonigusa ni likizo ya ugonjwa. Kabla yake, ukikosa zamu kwa homa hulipwi, na zaidi ya kutolipwa unaandikiwa alama ya utoro, na alama zikijaa unaondoka. Ndiyo maana watu huja kazini wakikohoa juu ya wazee wa miaka 90, jambo ambalo kila mkubwa wa mahali hapa analijua na hakuna anayelisema. Kuanzia 1 Mei 2025 saa hizo zilianza kuhesabika, na mwanangu alipougua masikio nilikaa naye nyumbani, nikalipwa, wala hakuna aliyeniandika. Katikati ya mwezi huo huo wa Mei, bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuifuta. Gavana Mike Kehoe aliisaini Julai, na ilipofika 28 Agosti likizo hiyo haikuwepo tena katika sheria, na pamoja nayo kilikwenda kifungu ambacho kingepandisha mshahara kila mwaka kulingana na bei za vitu kuanzia 2027.

Mtauliza inawezekanaje wabunge wafute kilichopigiwa kura na wananchi. Inawezekana, kwa sababu Pendekezo A lilikuwa sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida bunge huibadilisha hata kama imetungwa na umma. Lingeandikwa kama kifungu cha katiba, lingehitaji saini nyingi zaidi, asilimia 8 badala ya 5, lakini pia lisingeweza kung'olewa bila kurudi kwa wapiga kura. Wala katiba nayo si ukuta: Marekebisho ya 3, yaliyoirudisha haki ya kutoa mimba kwa karibu asilimia 52 siku ile ile ya Novemba, wabunge wamekwisha kuamua yarudishwe kwa wananchi 2026 ili yafutwe. Watu wa hapa wana hasira kwa mambo haya, na wana haki ya kuwa nayo, kwa kuwa wao wanaweza kuwangoja wabunge hao kwenye uchaguzi ujao. Mimi hasira yangu naipeleka wapi? Sheria ilikuja kwa kura ya watu wengine, ikaondoka kwa kura ya watu wengine, na katikati nililipwa nikiwa nyumbani na mtoto. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa zamani, ila barazani bado siitwi.

Mdogo wangu, najua wewe habari iliyokuvutia si ya mshahara bali ile ya kubeti, kwa hiyo nikujibu upesi. Ni kweli, Marekebisho ya 2 yaliruhusu kubeti michezo Missouri, yakapita kwa tofauti ya kura zisizofika 3,000 kati ya karibu milioni 3, baada ya kampuni za kubeti kumwaga zaidi ya dola milioni 40 katika kampeni na kuahidi kwamba kodi itakwenda shuleni. Ukitaka kujua fedha nyingi hufanya nini mahali ambapo umma hutunga sheria, anzia hapo. Na usiniombe tena fedha ya mkeka wako wa kubeti.

Lakini wewe ndiye unayetaka kuja kusoma, kwa hiyo yanayofuata yashike kuliko hayo mengine. Ukifika utakwenda ofisi ya leseni za udereva, na karani aliyechoka, bila kukutazama usoni, atakuuliza kama ungependa pia kuandikishwa kuwa mpiga kura, kwa sababu sheria ya 1993 inamtaka aulize. Jibu ni hapana. Atauliza kama kwamba anakuuliza unataka mfuko dukani, nawe kwa adabu zetu za kutomkatalia mwenyeji utataka kusema ndiyo. Sema hapana. Nje ya maktaba utakutana na kijana mchangamfu mwenye ubao wa karatasi anayekusanya saini za pendekezo zuri, pengine la kukusaidia wewe mwenyewe. Mpe mkono, mwambie Mungu ambariki, saini usimpe, kwa kuwa karatasi hiyo ni ya wapiga kura walioandikishwa. Asiye raia akijiandikisha kwa kujiita raia, au akapiga kura, anaweza kufukuzwa nchini hata kama ana kadi ya kijani na watoto waliozaliwa hapa, na sheria ya 1996 haina huruma kwa anayesema hakuelewa swali. Fomu ya kuomba uraia inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Hata hivyo usiishi kama bubu. Soma kila swali linaloletwa, lijadili na wenzako darasani, nenda kwenye mikutano, mweleze mwenye kura jinsi sheria fulani inavyokugusa. Hakuna aliyekuzuia kusema, na kuna watu walioipigia kura ile likizo ya ugonjwa kwa sababu walimjua mtu kama mimi. Kisha ukisikia mabishano yamekuwa makali, kaa kimya uondoke. Najua nimesema mambo mawili yasiyopatana. Utayafuata yote mawili, kila moja kwa saa yake, kama tunavyofanya sote.

Je, usije? Njoo. Shule ni nzuri na hutalala njaa. Lakini usije kwa sababu ya hesabu ya Mjomba, maana katika hiyo hakukatwa kodi ya nyumba, bima, gari wala joto la Januari, na fedha inayobaki ndiyo hiyo mnayoipata nyote, mkiigawana na kulalamika.

Mjomba aliandika pia, kwa wepesi sana, "si uchukue uraia wao upige kura kama wenzako?" Hapa ndipo panaponiuma. Jirani yangu Mkenya aliapa, akapiga kura ile ya Novemba, na pasipoti ya Kenya bado iko kabatini kwake, kwa sababu katiba yao ya 2010 inamruhusu kuwa raia wa nchi mbili. Tena mwaka 2022 Wakenya walioko Marekani waliwekewa vituo vya kumchagua rais wao huku huku. Mtanzania mtu mzima akiapa kwa nchi nyingine, sheria ya nyumbani inamhesabu kuwa ameuacha uraia wake. Nisipoapa nabaki Mtanzania kamili, lakini Mtanzania ambaye hana kituo cha kura nje ya nchi: mnapopanga foleni ya kura kila uchaguzi, mimi simo, ingawa karo, dawa na msiba vyote vinanikuta. Kwa hiyo sina kura huko na sina kura huku, na mnaponiambia nimejipigia kura ya milioni 6 inakuwa kama mmeniwekea kidole penye donda. Mtasema kuna hadhi maalumu iliyoletwa huko nyumbani kwa ajili yetu diaspora, tulioko nje ya nchi. Naifuatilia kwa makini, lakini kura haimo humo, na siwezi kulitegemezea shamba la babu jambo ambalo sijalishika mkononi.

Nimechoka, nawaambia wazi. Nimechoka kuwa mtu ambaye watu wazuri na watu wabaya humwamulia kwa wema na kwa ubaya, naye hana hata pa kutia alama. Fomu ya uraia kwa njia ya mtandao ni dola 710, na mwaka huu fedha hiyo ninaiweka kando, kwa hiyo mabati yatachelewa tena. Hiyo ndiyo sababu, si starehe. Huenda nikaijaza. Huenda pia nikafika siku ya kiapo nikashindwa kuinua mkono, na hapo mtakuwa na haki ya kunicheka.

Ila kabla sijajaza chochote, Mjomba, kuna jambo moja nakuomba ulifanye mwezi huu. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa mgeni ardhi ila kwa uwekezaji, na mimi sitaki siku moja mtu aje kuniita mgeni katika fungu nililolilipia la shamba hilo la babu huko Muheza. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na dada yangu, lile fungu langu liandikwe kwa jina lake, pamoja na mipaka yake yote hadi kwenye minazi ya juu, na hati ya kimila itoke kwa jina hilo. Gharama za wapimaji nitazituma Ijumaa. Hizo zisiingie kwenye mabati.