Sungura Aliyeacha Kula na Gharama za Daktari

SWALI: Sungura wa binti yangu hajala tangu jana wala hatoi kinyesi. Daktari wa mifugo ametaja gharama iliyonitisha. Je, ningoje kidogo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usingoje. Utumbo wa sungura hupaswa kufanya kazi mfululizo, naye hawezi kutapika. Akikaa takribani saa 12 bila kula, gesi huweza kujaa tumboni na kumuua upesi. Mwombe daktari akuchanganulie gharama, ili dawa ya maumivu, maji ya kuongezwa mwilini na, akithibitisha kwamba utumbo haujaziba, chakula laini cha kulishwa kwa bomba la sindano vitangulie, na vipimo vinavyoweza kusubiri visubiri. Ulizia malipo ya awamu, na bei za hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapo hapo kwenu. Usijaribu kuokoa fedha kwa kumnywesha amoksilini iliyobaki nyumbani: huua bakteria anaowategemea tumboni. Akipona, nyasi kavu ziwe sehemu kubwa ya mlo wake, kwa kuwa meno yake hukua maisha yote na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Karoti, ambazo watoto hupenda kumpa, ni kitafunio tu.