Kabla hujaingia msibani Tonga, muulizie fahu

Ukioa au kuolewa katika familia ya Kitonga, ya visiwa vya Tonga katika Bahari ya Pasifiki, mwanzoni utajiona uko nyumbani. Ndugu wa kiume wa baba wote ni tamai, baba. Dada za mama wote ni faʻe, mama. Ni baba mdogo na mama mkubwa wetu hao hao. Wageni wengi wanapotelea hapo hapo, wakidhani na mengine yatafuata mkondo huo. Kwa Watonga dada yuko juu ya kaka yake, hata kama kaka ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Ndiyo maana shangazi, mehekitanga, anamzidi baba mwenye nyumba.

Msibani ndipo jambo hili linapoonekana waziwazi. Swali la kwanza liwe: fahu, yaani ndugu mwenye heshima ya juu kuliko wote msibani, ni nani? Kwa kawaida ni shangazi wa marehemu, dada yake mkubwa, au mtoto wa mmoja wao. Hukaa kichwani pa maiti, na mikeka bora pamoja na ngatu, nguo ya magome ya mti yaliyopondwa, huishia kwake. Usimpe mkeka bora mtu mwingine kwa sababu tu umemzoea.

Swali la pili ni la mavazi. Kila mtu hufunga taʻovala, mkeka wa kiunoni. Watoto wa marehemu mwanamume ni liongi, walio chini yake: hufunga mikeka mikubwa iliyochakaa, mingine ikipanda hadi kichwani, na kazi yao ni jikoni, kwenye umu, tanuri la kuchimbiwa ardhini. Mgeni akijifungia mkeka laini kwa nia njema, anasomeka kama anayejikweza mbele ya marehemu. Usijichagulie, mwache mwenzi wako akufunge.

Nyumbani, chunga ulimi. Kaka na dada wakishabalehe hawalali chumba kimoja, na utani wa mapenzi hautamkwi wakiwa wote wawili. Binamu nao huhesabiwa ndugu hivyo hivyo, kwa hiyo angaza macho kabla ya kufungua mdomo. Mtu akiinuka akatoka kimya, acha mazungumzo hayo mara moja.

Watoto wafundishwe mapema: kichwa cha baba hakiguswi, mabaki ya chakula chake hayaliwi. Kwa mjomba, tuʻasina, wako huru kabisa. Baba mwenye mke wa Kitonga akihitaji nguruwe wa sherehe, amtume mwanawe kwa mjomba akaombe. Si rahisi anyimwe.