Kudai pesa za dawa ulizonunua baada ya ajali kazini

Ndugu, mwajiri ndiye anayelipa, si NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda inambebesha gharama za matibabu zinazofaa, dawa zikiwemo. Kama ana bima, atamalizana na kampuni ya bima mwenyewe. Mpe taarifa ya ajali kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, ubaki na nakala.

Madai mengi hukwama kwenye risiti. “Dawa, 85,000/=” haitoshi: iandikwe jina lako, kila dawa, nguvu yake, idadi, bei, tarehe na muhuri, ibanwe na karatasi ya daktari inayotaja jeraha. Risiti za mashine hufifia, toa kopi mapema. Dawa za ugonjwa wa zamani, kama presha, usizichanganye humo. Mwajiri akikataa, nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya.