Adui wa kwanza ni shaba: jibu kwa mkemia wa Lubumbashi anayetaka doktora ya dawa za mionzi

Swali: Jambo Docta. Nina lisanse ya kemia na nafanya kazi katika labo ya kiwanda cha madini hapa Lubumbashi. Kila siku napima shaba na kobalti. Mama mkubwa alikufa kwa saratani, na tangu hapo nataka kufanya doktora juu ya zile dawa za mionzi zinazoonyesha saratani na kuitibu. Promota (profesa wa kusimamia doktora) niliyemwendea aliniambia, "Adui wako wa kwanza hatakuwa mionzi, atakuwa shaba." Sikumwelewa. Wengine wanasema urani ni ya Katanga, basi dawa hizo tungeweza kuzitengeneza sisi wenyewe. Lakini hapa hatuna reakta wala kamera za kazi hiyo. Nianzie wapi?

Jibu: Aksanti dada, na pole sana kwa mama mkubwa. Huyo promota mshike, maana alilokuambia mimi nililielewa mwaka wangu wa kwanza wa doktora ukiwa unaisha.

Chukua dawa moja ya namna hiyo, DOTATATE. Upande mmoja ni kipande cha protini kinachotafuta vipokezi vya somatostatini, ambavyo ni vingi mno juu ya seli za saratani fulani zinazotoka kwenye seli za kutoa homoni. Upande wa pili ni DOTA, pete yenye nitrojeni nne na mikono minne, inayoikumbatia metali isiponyoke ndani ya damu. Ukiweka galiamu-68 katika pete hiyo, inatoa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Kila positroni ikikutana na elektroni, miale miwili ya gama inaruka pande mbili zinazoelekeana kinyume, na kamera ya PET inaonyesha uvimbe uko wapi. Ukiweka lutetiamu-177, inatoa chembe za beta zinazosafiri chini ya milimita 1 kwa wastani, na seli iliyoshikwa pamoja na majirani zake zinaungua. Nusu ya galiamu inakwisha kwa dakika 68, ya lutetiamu kwa siku 6.6. Ya kwanza inatosha kupiga picha, ya pili inapata muda wa kutibu. Kwa saratani ya tezi dume kuna ndugu yake, PSMA-617. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wanaume 831 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeenea walishiriki. Waliopewa lutetiamu juu ya matibabu ya kawaida waliishi miezi 15.3 kwa kipimo cha kati, wasiopewa 11.3. Ugonjwa haukuondoka, lakini miezi minne ndani ya nyumba yenye mgonjwa ni mingi.

Sasa shaba. Fanya hesabu hii pamoja nami, maana ndiyo kiini cha swali lako. Galiamu-68 ya gigabekereli 1 (kipimo cha nguvu ya mionzi), inayotosha wagonjwa kadhaa, ni kama picomoli 10 tu, uzito usiofika bilioni moja ya gramu. DOTATATE unayoweka, tuseme mikrogramu 20, ni nanomoli 14, na nanomoli moja ni picomoli 1,000. Maji uliyotumia ni mililita 1, na yana shaba miligramu 1 kwa lita. Katika labo ya madini hiyo si kitu, hata hungeiandika kwenye ripoti. Lakini ndani ya mililita hiyo moja kuna nanomoli 16 za shaba: imeizidi DOTA yako yote, na imeizidi galiamu zaidi ya mara 1,000. DOTA haichagui yenye mionzi. Inashika shaba, zinki, chuma, chochote kilichowahi. Galiamu inabaki nje ikielea, na ukiidunga hivyo itakwenda isikotakiwa.

Mimi nilipoteza wiki tatu hivyo. Kila asubuhi galiamu iliyoshikwa na DOTA ilikuwa asilimia 40, wakati nilihitaji zaidi ya 95. Nilibadilisha asidi, joto, muda. Kumbe ni sindano ya chuma niliyochovya katika asidi ya hidrokloriki kila siku: ilikuwa ikiachia chuma kidogo kidogo. Nilipoweka mrija wa plastiki, siku hiyohiyo kazi ilikaa sawa.

Kuna na mtego mwingine. Galiamu-68 inatoka kwenye jenereta (si ile ya umeme): ni bomba lenye germaniamu-68, ambayo nusu yake inakwisha kwa siku 271, na kila siku tunakamua galiamu iliyozaliwa humo. Lakini galiamu ikiisha mionzi inageuka zinki. Ukiacha jenereta Jumamosi na Jumapili, mkamuo wa Jumatatu unakuja na zinki iliyojilimbikiza. Ndiyo maana mkamuo huo tunautupa.

Kuhusu urani: jiwe peke yake si dawa. Lutetiamu-177 inapatikana kwa kupiga iterbiamu-176, au lutetiamu-176 yenyewe, kwa nyutroni ndani ya reakta. Germaniamu-68 inatoka kwenye saiklotroni, mashine ya kurusha chembe kwa kasi kubwa. Reakta ya kwanza Afrika iliwashwa kwetu Kinshasa mwaka 1959, lakini siku hizi ukitafuta reakta inayotoa malighafi za hospitali katika eneo letu, utakwenda Pelindaba, Afrika Kusini. Hata hivyo wanaokutajia Katanga hawajakosea kabisa. Kuanzia mwaka 1922, kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa radiamu kutoka madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, na sindano za radiamu zilitibu saratani huko Ulaya. Nusu ya radiamu inakwisha kwa miaka 1,600, kwa hiyo zaidi ya asilimia 95 ya ile ya miaka 100 iliyopita ingalipo. Leo vyanzo hivyo vya zamani vinatafutwa tena, kwa sababu radiamu-226 ikipigwa kwa protoni katika saiklotroni inatoa aktiniamu-225, mojawapo ya metali zinazotegemewa sana katika tiba mpya. Jambo hilo linanigusa kila ninapolifikiria. Ila mtu asikudanganye kubeba jiwe la Shinkolobwe nyumbani kwa ajili ya utafiti.

Wewe anza na metali baridi. Galiamu na lutetiamu zisizo na mionzi zinauzwa kama chumvi za kawaida, na kemia yake ni ileile. Unaweza kulinganisha vishikio, yaani molekuli za kushika metali kama DOTA: kipi kinashika galiamu bila kuchemshwa hadi digrii 95, kipi kinaikataa shaba. Ukomo wake ni huu: katika kazi yenye mionzi metali ni chache mara elfu, na mionzi yenyewe inavunja molekuli, ndiyo sababu tunaongeza asidi ya askobiki au ya gentisiki. Kwa hiyo panga miezi kadhaa katika labo ya nje yenye kibali. Doktora ya namna hiyo, nusu kwenu nusu kwingine, inajulikana, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hutoa nafasi za mafunzo.

Kabla ya kuandika pendekezo, pima shaba, zinki na chuma katika maji yenu yaliyosafishwa, katika asidi, katika chupa za kioo na za plastiki, na katika vumbi la meza. Pima kwa mikrogramu, si miligramu. Nitumie namba hizo, tuone kama tasnifu yako ianze na kishikio au ianze na maji.