Kutoa figo: kupasuliwa ubavuni au kwa matundu ya kamera?

Dada, umeuliza kama ukubali kupasuliwa ubavuni ili umpe kaka yako figo, au mngoje nafasi kwenye hospitali inayotoa figo kwa matundu madogo na kamera. Mimi nilimpa dada yangu mkubwa kwa upasuaji wa wazi, na binamu yetu wa Kakamega akampa mumewe kwa matundu, kwa hiyo nyumbani kwetu njia zote mbili tunazijua.

Kwanza ondoa hofu moja: kaka yako hatapata figo mbovu kwa sababu ya njia iliyotumika. Kwa kamera figo hukaa dakika chache zaidi bila damu kabla ya kuoshwa kwa maji baridi ya dawa, lakini baadaye hufanya kazi vilevile. Tofauti kubwa inakuangukia wewe unayetoa.

Mimi nilichanwa chini ya mbavu upande wa kushoto. Mkato wa namna hii huwa kama sentimita 15 hadi 20, unapita kwenye misuli, na wengine huondolewa hata kipande cha ubavu. Kukohoa, kucheka, kuinuka kitandani, yote yaliuma. Ngozi ya hapo bado ina ganzi, na pembeni pa kovu pamefura kidogo kwa sababu neva za misuli ziliguswa. Kazi yangu ni useremala hapa Kibuye. Kupiga msasa nilirudia mapema, ila mbao vijana waliniinulia kwa miezi.

Binamu alitobolewa matundu madogo, tumbo likajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kisha figo ikatolewa kwa mkato mfupi chini kabisa ya tumbo. Alirudi kwenye duka lake mapema kuliko mimi. Kilichomtisha ni maumivu ya bega. Hakuna aliyemwambia kwamba gesi husumbua kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na maumivu yakasikika begani. Yaliisha yenyewe.

Njia hiyo si ya majaribio. Madaktari Ratner na Kavoussi waliifanya kwa mtoaji wa kwanza mwaka 1995 huko Baltimore. Ipo pia ile ya katikati, ambapo daktari huingiza mkono mmoja kupitia mkato mdogo huku akitazama kamera. Damu ikivuja ghafla, mkono uko hapo hapo. Hata ukichagua matundu utasaini kwamba wanaweza kukufungua wakikwama. Saini tu, hiyo ni kwa usalama wako.

Sasa maoni yangu, na nayasema kwa uzito: chagua mikono kabla ya kuchagua njia. Daktari aliyezoea upasuaji wa wazi ni bora kuliko anayejifunzia kamera kwako. Mkienda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, au kwingine, muulize amewatoa watu wangapi figo kwa njia hiyo, na atafungaje ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kwenye figo. Swali la ateri usiliache. Vibanio vya plastiki vya kufungia mishipa viliwahi kuchomoka, watoaji wakafa kwa kuvuja damu, na tangu 2006 mtengenezaji alionya visitumike kwenye ateri ya mtoaji. Hatari kwa jumla ni ndogo: takwimu za Marekani za 2010 zilionyesha vifo kama 3 kwa kila watoaji 10,000 ndani ya siku 90. Ndogo, lakini ni wewe unayelala mezani, una haki ya kuuliza.

Picha ya CT, ile ya mashine inayoonyesha mishipa ya figo zako, nayo itaamua mengi. Wengi hutolewa ya kushoto kwa kuwa vena yake, mshipa unaorudisha damu, ni ndefu na ni rahisi kuunganisha. Figo zikitofautiana kwa uzima, iliyo nzuri zaidi inabaki kwako.

Na ukishatoka, ibuprofeni na diklofenaki tunazonunua dukani kwa maumivu ya mgongo ziache, huumiza figo. Pima presha, damu na mkojo kila mwaka, hata ukijisikia mzima kabisa.