Udaktari wa meno kwa GPA ya 2.8

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza kama stashahada yako ya tabibu wa meno yenye GPA (wastani wa alama za masomo) ya 2.8 inatosha kuomba shahada ya udaktari wa meno. Kwa njia hiyo haitoshi, kwani mwenye stashahada hutakiwa kuwa na angalau 3.0, na barua ya kujieleza haiwezi kuziba pengo hilo. Nakusihi ufanye upya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Alama D tatu hukupa pointi 6 zinazokuruhusu kuomba, lakini ushindani ni mkali mno, hivyo lenga B, ukianza mapema kutafuta kituo chenye maabara. Leseni yako ya utabibu wa meno ikuweke kazini wakati huo.