Maswali na Majibu: Kusafisha Jiko la Kuchomea Nyama bila Kuumia wala Kuumiza

Swali: Miaka yote nimesugua wavu wa jiko langu kwa brashi ya waya. Jirani ananiambia niitupe. Je, ni kweli ina hatari?

Ni kweli, na uitupe leo. Nyuzi za brashi hiyo hukatika, hasa inapochakaa, na uzi mmoja ukinasa kwenye masizi ya wavu si rahisi kuuona. Unaingia kwenye nyama, na nyama inaingia mdomoni. Uzi huo unaweza kuchoma koo, kujificha nyuma ya ulimi, au kushuka hadi kutoboa utumbo. Mwaka 2012 taasisi ya afya ya CDC ya Marekani ilitoa taarifa ya wagonjwa 6 wa aina hii waliotibiwa Providence, Rhode Island. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walikadiria kuwa kati ya 2002 na 2014 watu wapatao 1,700 nchini humo walikimbizwa kwenye vitengo vya dharura kwa sababu hiyo hiyo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayeumia mara nyingi siye aliyesugua. Ni mgeni, au mtoto aliyepewa kipande cha kwanza.

Badala ya brashi, pasha wavu moto, zima jiko, subiri joto lipungue, kisha sugua kwa karatasi ya alumini uliyoifinyanga ukaishika kwa koleo. Kikwaruzo cha mbao nacho kinafaa. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji kwenye kila fito, juu na chini, halafu inua wavu uutazame kwenye mwanga.

Swali: Tangu nile nyama ya kuchoma jana, kooni nahisi kama kuna mwiba. Nimeze tonge kubwa la mkate liusukume?

Usimeze kitu cha kuusukuma, kwani unaweza kuuzamisha zaidi. Nenda hospitali sasa hivi, na umwambie daktari waziwazi kwamba wavu ulisuguliwa kwa brashi ya waya. Usipotaja, huenda asiwaze kabisa habari ya waya, na uzi mwembamba hivyo unaweza kukosekana kwenye picha ya kawaida ya eksirei. Maumivu makali ya tumbo baada ya mlo wa namna hii nayo si ya kungojea.

Swali: Mafuta yamegandamana. Nichanganye siki na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo?

Hapana, kamwe! Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Klorini na amonia nazo hutoa gesi ya sumu. Dawa nyingi za oveni zina sodiamu haidroksaidi, ambayo huunguza ngozi na macho na hula alumini. Mimi nashauri maji ya moto, sabuni na subira.

Swali: Jiko langu ni la gesi. Nianzie wapi?

Funga valvu ya mtungi, acha jiko lipoe, kisha tenganisha mtungi. Chungulia mirija inayopeleka gesi kwenye vichomeo, maana buibui hupenda kutanda humo, na utando ukiziba njia moto unaweza kulipukia nyuma. Safisha pia trei ya mafuta, kwa sababu mafuta yaliyojaa humo ndiyo hushika moto. Ukisharudisha mtungi, fungua valvu huku vichomeo vikiwa vimezimwa, upake povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu gesi inavuja, kwa hiyo funga usiwashe. Siku ya kuwasha, acha mfuniko wazi.

Swali: Mvua inanyesha na makaa hayajazimika. Naweza kuingiza jiko ndani lipoe, nisafishe asubuhi?

Usiingize, hata kwenye veranda iliyofungwa. Makaa yanayofifia bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini kwa ajili yake. Liache nje, funika, ziba matundu ya hewa. Majivu nayo yaache yapoe saa 48, kisha uyatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, mbali na ukuta wa nyumba. Usiyatie kwenye mfuko wa plastiki hata ukiyagusa ukayaona ya baridi, maana kaa moja linaweza kuwa bado hai katikati.